Bei ya Unga Ni Mshahara wa Mkulima

Hakuna habari inayoingia upesi katika nyumba ya mfanyakazi kama habari ya unga kupanda bei. Mama akirudi kutoka dukani na kilo tatu badala ya tano, nyumba nzima hujua, hata yule mtoto ambaye hajaanza shule. Jioni hiyo baraza huwa na maneno mengi. Wafanyabiashara hulaumiwa, Serikali hulaumiwa, mvua nayo hulaumiwa. Na aghalabu mazungumzo huishia katika ombi moja: bei ishushwe.

Ombi hilo si la kubezwa. Mshahara wa mfanyakazi una mipaka yake, na katika mshahara huo chakula huchukua sehemu kubwa kuliko kitu kingine chochote. Walakini kabla ya kulitoa yatupasa tuulize swali moja: bei hiyo ishushwe kutoka mfukoni mwa nani? Kwa maana bei ya unga ina nyuso mbili. Kwetu sisi wa mjini ni gharama. Kwa yule aliyelima, akapanda, akapalilia mara mbili, akavuna na kupukuchua, ni mshahara wake wa mwaka mzima. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Historia ya nchi yetu inaonyesha jinsi urahisi wa unga ulivyopata kuvunja upishi wa taifa zima.

ONYO LA AZIMIO

Azimio la Arusha la mwaka 1967 hukumbukwa zaidi kwa kutaifisha mabenki na viwanda vikubwa, na kwa masharti liliyowawekea viongozi. Lakini ndani yake mna sehemu ambayo wakazi wa mijini hatupendi sana kuikumbuka. Azimio lilieleza kwamba mikopo inayojenga hospitali kubwa, viwanda na barabara za lami hulipwa kwa fedha za kigeni, na kwamba fedha hizo hazitoki mjini bali hutokana na mazao ya mkulima. Likaonya ya kuwa tusipoangalia, unyonyaji halisi katika Tanzania hautakuwa ule wa bepari peke yake, bali ule wa watu wa mijini kuwanyonya wakulima.

Hilo lilikuwa onyo zito, tena lilitolewa mapema. Hata hivyo kuonywa ni jambo moja na kuonyeka ni jambo lingine. Katika miaka iliyofuata, bila mtu yeyote kukusudia ubaya, taifa lilijikuta likitenda jambo lile lile lililokatazwa.

BEI MOJA KWA NCHI NZIMA

Mwezi Mei 1972 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Iringa na kutoa tamko la Siasa ni Kilimo. Mkulima alihimizwa kutumia mbegu bora, mbolea na samadi, na kuliacha jembe la mkono kila palipowezekana. Mwaka uliofuata watu walianza kuhamishiwa katika vijiji kwa wingi, na kazi hiyo ikaendelea hadi mwaka 1976. Katika kipindi hicho hicho ukame ulizipiga sehemu nyingi za nchi, na bei ya mafuta ya petroli ikapanda duniani kote. Akiba ya fedha za kigeni ilikwenda katika kununua nafaka. Ndipo ikatangazwa kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona ya mwaka 1974 hadi 1975, na wafanyakazi wa viwandani na maofisini nao wakashika jembe. Wazee wetu wanaukumbuka pia unga wa mahindi ya njano ulioletwa kutoka ng'ambo, ambao watu wa mjini waliuita Yanga kwa sababu ya rangi yake.

Katika hali hiyo Serikali iliamua jambo kubwa. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970, mahindi yalinunuliwa kwa bei moja nchi nzima. Mnunuzi alikuwa mmoja, nalo ni Shirika la Usagishaji la Taifa, ambalo wengi walilijua kwa jina la NMC. Mkulima wa Sumbawanga alilipwa sawa na mkulima wa Morogoro, ingawa kutoka Sumbawanga hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000.

Nakuomba, ndugu msomaji, usiharakishe kuucheka uamuzi huo. Ulikuwa na haki ndani yake. Kwa nini mtu aliyezaliwa mbali na bandari alipwe kidogo kwa kosa la kuzaliwa huko? Tena ulileta matunda. Ilipokuja Reli ya Uhuru, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976, na mbolea ikauzwa kwa bei yenye ruzuku, mikoa minne ya nyanda za juu kusini iliinuka: Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa. Mikoa hiyo ilikuwa na mvua ya kuaminika kuliko sehemu nyingi, lakini zamani haikuwa na soko. Hata leo, ukitaka kujua kama mji utashiba, huna budi kuuliza habari za nyanda hizo.

CHAKULA KILIVYOKIMBIA

Basi kosa lilikuwa wapi? Lilikuwa katika hesabu. Shirika lilinunua mahindi mbali, likayasafirisha kwa malori juu ya barabara mbovu, likayasaga, likalipa watumishi wake wengi, kisha likauza sembe mjini kwa bei iliyopangwa ili mfanyakazi asiumie. Bei hiyo haikutosha kurudisha gharama. Pengo lilizibwa kwa fedha za kukopa katika Benki ya Taifa ya Biashara, na deni likawa linakua mwaka hadi mwaka. Shirika lenye deni halina nguvu ya kumlipa mkulima vizuri. Mkulima akapewa bei ambayo haikuweza kukimbizana na bei ya sabuni, khanga na jembe. Na mara nyingi hata hiyo bei ndogo ilichelewa, akabaki na karatasi mkononi akingoja.

Aliyeweza kumsemea mkulima alikuwa ushirika wake. Lakini vyama vikuu vya ushirika vilikuwa vimevunjwa mwaka 1976, na kazi zao zikakabidhiwa mashirika ya mazao. Ni kweli kwamba baadhi ya vyama hivyo vilikuwa na wizi na uzembe. Ila mtu mwenye jipu hukamuliwa jipu, hakatwi mguu. Mwalimu Nyerere mwenyewe, miaka michache baadaye, alikiri hadharani kwamba kuvunja vyama vya ushirika lilikuwa kosa. Sheria mpya ya ushirika ilipitishwa mwaka 1982, lakini imani iliyokwisha kuvunjika haijengwi kwa sheria tu.

Mkulima naye, asipokuwa na wa kumsemea, husema kwa jembe lake. Hakugoma wala hakuandamana. Alipunguza shamba, akalima cha kumtosha na familia yake, na ziada kidogo akaiuza usiku kwa mlanguzi aliyelipa papo kwa hapo. Kadiri vizuizi vya barabarani vilivyoongezeka, ndivyo njia za panya zilivyoongezeka. Katika msimu wa 1978/79 Shirika lilinunua zaidi ya tani 200,000 za mahindi. Msimu wa 1982/83 ulipofika, manunuzi yake yalikuwa yameshuka chini ya tani 100,000. Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979, ukame na uhaba wa mafuta vilichangia, na si haki kuvisahau. Lakini mahindi hayakuwa yamekufa yote shambani. Mengi yalikuwa yamehama soko.

Matokeo yake uliyaona, au umesimuliwa na wazazi wako. Bei ya sembe dukani ilikuwa ndogo, lakini duka lilikuwa tupu. Foleni ilianza kabla ya mapambazuko. Aliyetaka unga bila foleni aliupata kwa mlanguzi kwa bei mara kadhaa ya ile iliyobandikwa ukutani. Yaani mfanyakazi, ambaye kwa ajili yake mkulima alibanwa, alikuwa halipi bei ndogo hata kidogo. Mkulima alipunjwa na mfanyakazi akalanguliwa. Faida ikaenda kwa aliyekaa katikati yao gizani. Msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983 uliwakamata wengi, lakini haukuongeza gunia hata moja shambani.

Mwaka 1984 Serikali iliondoa ruzuku ya sembe na kulegeza masharti ya kusafirisha nafaka, na mwaka 1987 vizuizi vya kuhamisha nafaka kutoka mkoa hadi mkoa vikaondolewa. Bei ya sembe dukani ilipanda mno, na haikuwa rahisi kwa familia. Lakini unga ulirudi dukani.

ALIYOYAONA JIRANI

Huenda ukadhani hiyo ilikuwa bahati mbaya yetu peke yetu. Hebu tutazame upande wa pili wa Reli ya Uhuru. Zambia nayo ilikuwa na bei moja ya mahindi kwa nchi nzima na shirika moja la kuyanunua, na unga wa watu wa migodini uliuzwa kwa ruzuku kubwa iliyolipwa kwa fedha za shaba. Bei ya shaba ilipoanguka duniani katikati ya miaka ya 1970, ruzuku ikawa mzigo. Desemba 1986 Serikali iliondoa ruzuku ya unga mweupe, na bei yake ikapanda zaidi ya maradufu kwa mkupuo. Miji ya Ukanda wa Shaba ikalipuka kwa ghasia, watu wakafa, na Rais Kaunda akairudisha ruzuku ile. Juni 1990 bei ilipandishwa tena, ghasia zikazuka tena, na mwaka 1991 chama chake kikashindwa katika uchaguzi.

Fundisho lililopo ni kwamba bei ya uongo ni rahisi kuianzisha na ni vigumu mno kuiacha. Familia huizoea, hupanga maisha juu yake, na siku inapoondoka huwa kama nyumba iliyoondolewa nguzo. Kwa hiyo aliye na mapenzi ya kweli na mfanyakazi asimpe bei ambayo hataweza kuidumisha.

MKULIMA ALIPOACHWA PEKE YAKE

Walakini tusiruke kutoka kosa moja hadi kosa jingine. Wako waliofikiri kwamba Serikali ikijiondoa sokoni, basi mkulima atastawi mwenyewe. Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1990 ruzuku ya mbolea ilipunguzwa hadi ikaondolewa. Bei moja ya nchi nzima ilikwisha. Mkulima wa Rukwa na Ruvuma, aliyehimizwa kulima mahindi kwa mbolea, alijikuta yuko mbali na soko, mbolea ghali, na mnunuzi ni yule tu anayethubutu kupeleka lori. Wengi walirudi kulima bila mbolea, ardhi ikachoka.

Ndiyo sababu ruzuku ilirejea kidogo kidogo kuanzia msimu wa 2003/04, ikafuatwa na mpango wa vocha kuanzia 2008/09. Na bei ya mbolea ilipopanda sana duniani baada ya vita vya Ukraine, mpango mwingine wa ruzuku ulizinduliwa Mbeya siku ya Nane Nane mwaka 2022. Mwenye kuuliza kwa nini kodi yake ya mjini inanunua mbolea ya kijijini, ajibiwe hivi: mbolea ikifika shambani kwa wakati, gunia huongezeka, gunia likiongezeka, bei hushuka pasipo mkulima kunyang'anywa kitu. Ruzuku ya namna hiyo huongeza chakula. Ruzuku ya sembe ilikuwa ikigawa chakula kilichopo mpaka kikaisha.

Lakini kishawishi cha zamani hakijafa. Kila mara njaa inaponusa, huzuka sauti ya kutaka mahindi yazuiwe kuuzwa nje. Mwaka 2017 usafirishaji wa mahindi nje ya nchi ulipigwa marufuku, kwa nia ya kulinda chakula na kuhimiza unga usagwe hapa hapa. Mavuno yaliyofuata bei zilianguka vibaya katika nyanda za juu kusini, na mkulima aliyekopa mbolea akauza mahindi kwa bei isiyorudisha hata gharama. Zuio likaja kuondolewa. Sisi tulipata unga wa bei nafuu msimu ule, ndiyo. Lakini aliyetulipia nafuu hiyo ni nani, kama si mtu wa Sumbawanga na Songea aliyekosa ada ya mtoto?

KATI YA SHAMBA NA SUFURIA

Sasa utauliza: je, hakuna njia ya kumpa mkulima bei nzuri bila kumwumiza mfanyakazi? Iko, nayo hupita katikati. Kati ya shamba na sufuria yetu kuna mapengo mengi ambamo chakula na fedha humwagika bila kumnufaisha yeyote kati ya hao wawili.

Pengo la kwanza ni kipimo. Mkulima huuza kwa gunia, wala si kwa mzani. Gunia hujazwa, hushindiliwa, kisha huongezewa kilemba juu kwa kushonewa. Hiyo ndiyo lumbesa. Alipwe gunia moja, na ndani mna gunia moja na ziada. Sheria ya vipimo inakataza, lakini sheria bila mzani kijijini ni maneno. Na ukumbuke kwamba lumbesa haikupunguzii wewe bei, kwa kuwa dukani unapimiwa kwa kilo.

Pengo la pili ni ghala. Mkulima huuza wakati wa mavuno, mwezi wa sita na wa saba, kwa kuwa ana madeni na hana pa kuhifadhia. Ifikapo Januari na Februari, wakati wa kiangazi cha tumbo, huja kununua mahindi kwa bei kubwa kuliko aliyouzia. Adui mwingine wa ghala ni dumuzi. Mdudu huyu asili yake ni Amerika ya Kati, na inaaminika kwamba aliingia nchini na nafaka iliyoagizwa kutoka nje. Aligunduliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wenyeji wakampa jina la Scania, jina la lori. Tazama basi gharama ya njaa ile: tulinunua mahindi ya ng'ambo, na ndani yake akaja mgeni anayekula mahindi yetu mpaka leo. Mapipa na mifuko isiyopitisha hewa humwua bila sumu, lakini lazima mkulima aweze kuinunua.

Pengo la tatu ni njia. Barabara ya kijiji ikikatika wakati wa mvua, lori halifiki, au hufika kwa nauli inayomeza bei. Ushuru nao ulikuwa mzigo. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ya chakula ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 2, na hatua kama hiyo huwafaa wote wawili, mwuzaji na mlaji.

Pengo la nne ni umoja. Mkulima mmoja mwenye magunia kumi hana sauti mbele ya mwenye lori. Wakulima mia moja wenye ghala moja na mzani mmoja wana sauti. Ushirika ulio safi, pamoja na stakabadhi za ghalani zilizowekewa sheria mwaka 2005, unaweza kumwezesha mkulima kungoja bei badala ya kuikimbilia. Na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ulioanzishwa mwaka 2008, una kazi ya kununua wakati wa neema na kufungua maghala wakati wa dhiki. Ukinunua mapema, ukalipa kwa wakati, humtuliza mkulima Julai na kumtuliza mama wa mjini Februari.

WAJIBU WETU NYUMBANI

Ndugu msomaji, usiseme kwamba haya ni mambo ya wizara. Nyumba ya mjini nayo ina sehemu yake.

Kwanza, wenye uwezo wanunue kwa msimu. Familia tatu au nne katika mtaa mmoja, au wafanyakazi wa idara moja, wakichanga fedha wakati wa mavuno wanaweza kununua magunia kwa mzani kutoka chama cha msingi na kuyasaga kadiri ya mahitaji. Mkulima hupata zaidi, nanyi hulipa pungufu. Sharti mahindi yawe makavu kabisa na yahifadhiwe mahali pasipo unyevu, kwani ukungu wa nafaka huweza kuleta sumu inayoua.

Pili, tuiheshimu dona. Sembe nyeupe hupendeza macho, lakini kiini na ganda lenye virutubisho huishia kuwa pumba za kuku. Katika gunia lile lile, dona hutoa unga mwingi zaidi na watoto hupata afya zaidi.

Tatu, tusiitegemee punje moja. Muhogo, viazi, mtama na ndizi vimewalisha babu zetu katika miaka ya ukame. Meza inayojua vyakula vingi haitishwi na bei ya kimoja.

Nne, na hili ndilo kubwa, tuwafundishe watoto wetu kuuliza chakula kimetoka kwa nani. Wengi wetu tuna mjomba, shangazi au bibi aliye shambani hadi sasa. Zaidi ya nusu ya nguvukazi ya nchi hii bado inategemea kilimo. Mshahara wao ukiwa mdogo, hawanunui nguo zinazoshonwa na kiwanda chako, hawanunui bati, hawanunui sabuni, na kiwanda hicho hupunguza wafanyakazi. Vijana wao huja mjini kukutana na wako katika foleni ya kutafuta kazi ile ile. Basi anayembana mkulima ili mji ushibe huukata mji mzizi.

Kwa hiyo siku unga utakapopanda tena, nasi tukakaa barazani kulalamika, tulalamike kwa akili. Tudai mzani kijijini, barabara inayopitika, mbolea inayofika kabla ya mvua, ghala lisilovuja na ushirika usioibiwa. Hayo tukiyapata, bei itashuka yenyewe na itadumu. Lakini tusidai kwamba yule aliyeinama shambani tangu Novemba hadi Juni atufanyie kazi nusu bure. Tulikwisha kumdai hivyo, naye akatujibu kwa duka tupu.

Tukijaliwa, tukutane Jumapili ijayo.